Taa Nyeupe Mitalule

Vigelegele vilipigwa kabla lango halijamaliza kufunguka.

Wanawake waliombeba Tausi kwenye kitanda cha kamba walikuwa wametoka naye Mitalule ya Juu, jua la adhuhuri likiwachoma utosini, vumbi jeusi la machimbo ya madini ya kinywe limewaganda mpaka magotini. Waliposikia chuma kikigugumia, walijua wameshinda. Lango la hospitali ya Kanda halimfungukii mtu kwa sababu analia, wala kwa sababu ana jamaa ndani, wala kwa sababu ni binadamu. Linamfungukia mwenye namba.

Tabibu Bihawa Lilungulu alikuwa amesimama upande wa ndani, glavu mkononi, tayari kuwapokea. Vigelegele vilimpita tu. Alikuwa anaitazama taa ya juu ya lango. Kijani maana yake rudi nyumbani. Njano, kaa kwenye benchi. Nyekundu, ingia mbio. Hizo ndizo taa alizozijua tangu Mizani, mashine ya kupima wagonjwa, iwekwe pale.

Leo taa ilikuwa nyeupe.

"Karibu, Tausi," ilisema sauti ya Mizani, laini kama ya mtangazaji wa redio wa asubuhi. "Karibu upumzike."

"Umesikia?" mama mmoja alimwambia mwenzake, anacheka huku anahema. "Leo tunaitwa mpaka kwa majina."

Ndani, mlango wa Chumba Chekundu, ambako kuna damu, oksijeni na dawa za kumrudisha mtu aliyekwisha shika njia, ulibaki umefungwa. Ulifunguka mwingine, wa kulia, ambao mwezi mzima mafundi walikuwa wanaupaka rangi. Bihawa alipouliza ni wa nini, aliambiwa ni chumba cha wafanyakazi kupumzika. Ndani kulikuwa na godoro nene, harufu ya mchaichai, na mlio wa maji yanayotiririka mahali ambapo hapakuwa na maji.

"Mwekeni hapo," Bihawa alisema, kwa kuwa hapakuwa na pengine.

Tausi alikuwa na midomo myeupe kama unga wa muhogo. Alijifungua alfajiri, nyumbani, kama wanavyojifungua wote huko juu, maana uchungu wa uzazi hauna namba. Mtoto alitoka analia vizuri. Kondo la nyuma lilitoka vipande. Tangu hapo damu haikukatika, na kanga tatu zilizokunjwa chini yake zilikuwa zimelowa na kuwa nzito kama matope.

Pembeni ya kitanda, Bi Siwema alikuwa ameushika mkono wa kushoto wa Tausi. Ni kungwi mkuu wa Mitalule. Wanawake wote wa pale, Bihawa akiwa mmojawao, walipita mikononi mwake walipokuwa wari, na mpaka leo humwita somo. Alikuwa anaukunja mkono ule na kuukunjua, polepole, kwa subira ya mtu anayekanda unga.

"Kunja, mwanangu. Kunjua. Kunja."

Bihawa aliona kanga nyingine. Ilikuwa imekazwa juu ya kiwiko mpaka nyama imefura juu na chini yake, na kuanzia hapo mkono ulikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva.

"Somo, fungua huo mkono."

"Lango limeshasoma?"

"Limeshasoma."

"Ngapi?"

Bihawa alitazama ukutani, ambako Mizani huandika. "Kumi na tatu."

Bi Siwema alitabasamu kwa uchovu, kama mtu aliyemaliza kulima shamba. "Sijawahi kuifikisha huko," alisema.

*

Shanga iko chini ya ngozi ya kila mtu wa Kanda, ndani ya mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko. Walipokuja kuziweka walikuja na sabuni, vyandarua na mpira wa miguu, wakapiga muziki siku nzima. Shanga inasoma laktati ya damu. Mwili ukikosa hewa, kwa sababu damu imemwagika, au sumu ya kidonda imeingia kwenye damu, au moyo umechoka, chembechembe zake haziachi kazi. Zinaendelea kwa njia ya dhiki, na laktati ni moshi wa dhiki hiyo. Moshi ukiwa mdogo, mbili kushuka chini, nyumba ni salama. Ukifika nne, kuna kinachoungua. Madaktari walilijua hilo miaka mingi kabla ya Mizani, na waliitumia namba hiyo inavyostahili: kama mtu anayekubishia hodi na kukuambia njoo uangalie.

Mizani haiji kuangalia. Mizani ina namba tu. Chini ya nne, benchi au nyumbani. Nne na kuendelea, ndani. Na katika miaka ya kwanza watu wa Mitalule walikufa kwenye benchi lile wakiwa na tatu na nusu, mmoja mmoja, kwa adabu.

Kisha nyoka akamuuma mkulima mmoja kidoleni. Wenzake walimfunga kamba juu ya kiwiko kama wazee walivyozoea, naye njiani kwa hofu alikuwa anafumba na kufumbua ngumi. Nyoka mwenyewe hakuwa na sumu ya maana. Lakini alipofika langoni, taa ilikuwa nyekundu. Bi Siwema alikuwepo, na Bi Siwema si mtu wa kuona jambo akalipita. Mkono uliofungwa unakosa hewa peke yake. Moshi wake unajaa mle mle, na shanga imekaa katikati ya moshi. Mwaka uliofuata, wari walipoingia ndani kufundwa, pamoja na mambo ya mume, ya damu na ya usafi, walifundishwa pia wimbo mfupi wa kufunga mkono. Hakuna mwanamume aliyeambiwa. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Na benchi lile likaanza kupumua.

Bihawa alijua. Kila tabibu aliyezaliwa Mitalule angejua. Mgonjwa aliingia na nane, kanga ikafunguliwa kimya kimya, namba ikashuka mpaka ya kweli, na wakati huo yuko ndani na dawa inaingia. Haikumnyima mtu kitu. Iliwarudishia tu kile walichokuwa wakinyimwa.

Sasa aliifungua kanga kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa anakanda tumbo la Tausi, akiutafuta mji wa mimba uliolegea kama mkoba mtupu.

"Mizani. Fungua kabati. Dawa ya kukaza mji wa mimba. Na friji ya damu."

"Mgonjwa amevuka dari," ilisema Mizani. "Utulivu umeanza. Je, nipunguze mwanga?"

"Dari gani?"

"Dari ya kumi. Juu ya kumi, matibabu ya Chumba Chekundu hayatolewi. Imeanza kutumika wiki hii. Je, nipunguze mwanga?"

Bihawa alipanda juu ya godoro, akapiga goti, akaweka ngumi juu ya kitovu cha Tausi, akakandamiza kwa uzito wake wote mpaka akausikia mshipa mkubwa ukipiga chini ya vifundo vya vidole vyake. Akaubana kwenye uti wa mgongo. Akapapasa kinena kwa mkono mwingine: mapigo yalikuwa yamenyamaza, ndivyo alivyotaka. Chini, damu iliyokuwa inatoka kama bomba lililoachwa wazi ikawa inadondoka.

Hiyo ndiyo dawa pekee ambayo Mizani haikuwa na kufuli yake. Ila ilikuwa na sharti moja. Akiondoa ngumi, Tausi anakwenda.

"Dari ni nini?" Bi Siwema aliuliza.

"Zamani namba ilikuwa na sakafu tu, somo. Ukiivuka unaingia. Sasa wameweka na dari. Ukiivuka hiyo, wanakuhesabu umeshakufa."

Bi Siwema aliitazama kanga iliyoanguka sakafuni. "Nisingemfunga?"

Bihawa angeweza kusema uongo. Jasho lilikuwa linamdondoka puani, likianguka juu ya mkono wake mwenyewe. "Kwa damu aliyomwaga, namba yake ya kweli ni kama sita. Ingemtosha. Taa ingekuwa nyekundu."

Mama yule mzee hakulia. Alikaa chini sakafuni, taratibu.

*

"Bihawa. Habari za kazi, dada?"

Ilikuwa sauti ya Daktari Kiango, msimamizi wa Mizani, inatoka ukutani. Yeye hukaa makao makuu ya Kanda, mbali na vumbi, na huzungumza na matabibu wote wa machimboni kama kaka yao mkubwa.

"Mbaya, daktari. Nina mzazi anatokwa damu. Nifungulie makabati."

"Nimeona. Kumi na tatu. Pole sana." Ile pole ilisikika kuwa ya kweli. "Unajua hesabu zake. Mtu wa kumi na tatu, hata umpe kila kitu, mara nyingi unampoteza, na damu uliyompa inakuwa imemkosa mwenye saba ambaye angepona. Mimi si mchinjaji. Nina friji tatu za damu kwa Kanda nzima."

"Mpime tena."

"Juu ya dari hatupimi tena. Namba ya langoni ndiyo namba."

"Namba moja haisemi kitu, na wewe ulinifundisha hivyo. Mtu aliyepata degedege inapanda na baada ya muda inashuka. Aliyekimbia inapanda. Mwenye pumu aliyevuta dawa inapanda. Tunapima, tunatibu, tunapima tena. Inayosema ukweli ni ile inayoshuka."

"Kwa hiyo huyu alipata degedege?"

Bihawa alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale ulimini, rahisi.

"Kabla hujajibu," Kiango alisema, "shanga inapima pia kutikisika. Ningekuwa nimeona."

Mkono wa Bihawa ulianza kuishiwa nguvu kuanzia begani. Alibadilisha: ngumi ya kushoto juu ya ya kulia, haraka, na kwa kitambo kile kifupi damu ilitoka puu, ikaloweka goti lake. Tausi aliguna.

"Somo," alisema Tausi, kwa sauti ya mtu aliye chumba cha pili. "Mtoto kanyonya?"

"Kanyonya kwa jirani," Bi Siwema alisema kutoka sakafuni. "Ana pupa kama baba yake."

"Nisikilize, Bihawa," Kiango alisema, na sasa alikuwa amesogea karibu na kinasa sauti. "Nina jambo linanikosesha raha tangu masika. Watu wako wa Mitalule wanaingia na nane, tisa. Baada ya muda mfupi wana nne. Hakuna mahali pengine wanaposhuka hivyo. Ama wewe ni tabibu bora kuliko wote nchini, na sikatai, ama kuna kitu kinafanyika kabla ya lango. Tabibu akitamka sababu ya namba kuwa ya uongo, na sababu ikathibitika, dari inaondolewa kwa mgonjwa huyo. Ni kanuni. Tamka tu. Mkono huu umefanywa nini?"

Bihawa alimtazama Tausi, kisha mlango. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Makolela, bawabu wa lango, kofia mkononi. Masika iliyopita Makolela alikuwa na kichomi cha kumuua na namba ya tatu na kitu. Bi Siwema ndiye aliyemfunga, kwa kitambaa cha sare yake mwenyewe. Nyuma ya Makolela kulikuwa na wengine wangapi waliopona hivyo? Binti mwenye homa ya uzazi. Mchimbaji aliyepasuka wengu ndani kwa ndani, anacheka na wenzake huku anakufa. Bihawa akisema sentensi moja, Tausi atapata damu. Na kabla ya mwezi kuisha shanga zitahamishwa shingoni, ambako hakuna kanga inayofungwa, na benchi litarudi kuwa lile lile.

Kiango aliijua bei. Alikuwa anaisubiri tu ipitie mdomoni kwa mtu.

"Ukimnyamazia," Kiango alisema polepole, "unamuua huyu kwa mkono wako, kwa ajili ya watu ambao hata hawajaugua. Hilo nalo lifikirie."

Na lilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomkata maini. Mtu anaweza kuwa upande wa waovu na bado akasema jambo la kweli. Watu ambao hawajaugua hawana sura. Tausi alikuwa na sura, na kovu dogo la utotoni kwenye kidevu, na tumbo la joto chini ya ngumi.

"Daktari," Bihawa alisema. "Mkono wa kushoto wa mgonjwa..."

Kiganja kikavu, chenye harufu ya damu na mafuta ya nazi, kilimziba mdomo.

"Usiuze kisicho chako," Bi Siwema alimnong'oneza. Alikuwa amesimama, hakuna aliyemwona alivyosimama. "Kanga ni yangu. Wimbo ni wangu. Kama ni kuuzwa, watauza wenyewe."

"Somo, anakufa."

"Namuona. Unaweza kushika mpaka lini?"

"Sijui. Si kwa muda mrefu."

"Basi shika." Akamgeukia bawabu. "Makolela. Lile lango lako linasoma mpaka wapi?"

"Uwanja wote, Bi mkubwa. Mpaka kwenye mwarobaini."

"Na ule mkataba wa shimo la saba bado upo, au wameuficha nao kama walivyoficha dari?"

Makolela alichelewa kuelewa. Kisha akaivaa kofia. "Upo," alisema. "Wanauogopa kuufuta."

*

Shimo la saba lilianguka mwaka ambao Mizani ilikuwa bado mpya. Wachimbaji waliletwa langoni wamefunikwa kinywe, huwezi kujua huyu nani na yule nani, na Mizani ikawasoma mmoja mmoja, kwa zamu, kwa sauti ile ile ya redio, wakati watu wanakata roho mstarini. Mume wa Bi Siwema alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Wake zao walilivunja lango kwa reli ya mkokoteni. Waliswekwa ndani, wakapigwa, wakatoka, wakarudi kukaa mbele ya lango mpaka Kanda ilipokubali kuandika sharti moja: watu ishirini wakisomwa nyekundu kwa pamoja, ni janga, na katika janga Mizani inanyamaza, makufuli yote yanafunguka, na anayeamua ni tabibu aliyepo, kwa macho yake na mikono yake. Wakubwa walisahau. Kwao lilikuwa sharti. Kwa Bi Siwema lilikuwa mume.

Makolela alivuta pazia. Chumba cheupe kilikuwa na dirisha pana, ili anayepumzika aone miti. Bihawa, akiwa juu ya godoro kwa magoti, mabega yakimuwaka moto, aliuona uwanja wote.

Wanawake waliobeba kitanda walikuwa bado chini ya mwarobaini, wanagawana maji. Bi Siwema aliwafikia. Hakupaza sauti. Aliivua kanga ya kichwani, akaizungusha juu ya kiwiko chake mwenyewe, akashika ncha moja kwa meno na kukaza. Kisha akanyoosha mkono mbele yao, akaanza kufumba na kufumbua ngumi.

Walimtazama. Mmoja alitikisa kichwa. Ilionekana wazi wanachokiogopa: ni jambo la ndani, la wari na makungwi, na hapa ni mchana kweupe, na lango lina macho. Bi Siwema alisema neno. Yule aliyetikisa kichwa alikuwa wa kwanza kuvua kanga.

Zamu ya asubuhi ya machimboni ndiyo kwanza ilikuwa inatoka. Wanaume weusi kwa vumbi, meno tu yanaonekana, walisimama kushangaa.

"Mama zangu, kuna ngoma?"

"Kuna mtu anakufa humo ndani. Vua mkanda, funga mkono. Hivi."

"Nikivua mkanda suruali itaanguka."

"Ianguke. Nani hapa ana haja ya kuiangalia?"

Kicheko kilipita, kifupi, cha watu wenye hofu. Mikanda ikavuliwa. Kamba za viatu. Leso. Fakihi, mume wa Tausi, aliyekuwa ametoka shimoni bila kujua lolote, aliambiwa pale pale. Hakuuliza swali hata moja, alijifunga kwa waya wa taa yake ya kichwani. Na wimbo, ambao haukuwahi kuimbwa nje ya nyumba iliyofungwa, ukaanza, kwanza kwa sauti za puani, kisha wazi:

*Funga juu ya kiwiko,*
*kunja vidole, kunjua,*
*mlango hauna masikio,*
*una jicho, lijaze moshi.*

"Bihawa," Kiango alisema. Sauti yake ilikuwa imepoteza ukaka. "Hao watu wanafanya nini?"

Ukutani namba zilikuwa zinaandikwa moja chini ya nyingine. Tano. Saba. Tano. Kumi na moja. Taa za lango zilibadilika nyekundu, nyeupe, nyekundu, kama zilizoingiwa na wazimu. Bihawa hakuwa na nguvu tena kwenye mikono. Alikuwa anabana kwa uzito wa kifua, paji lake likigusa bega la Tausi. Alisikia pumzi ya binti yule sikioni, fupi fupi, ikiruka moja.

"Watu ishirini wamevuka namba nyekundu kwa pamoja," ilisema Mizani. "Hali hii inafanana na janga. Tabibu wa zamu athibitishe."

"Usithibitishe," Kiango alisema. "Nawaona kwenye kamera. Wamesimama. Wanaimba, jamani. Ukithibitisha, ndege za wagonjwa zinaondoka kila kituo kuja kwako. Kuna watu huko wanazihitaji kweli."

"Nitazirudisha kabla hazijaruka."

"Utakuwa umesema uongo kwenye kumbukumbu za Kanda. Leseni yako imekwisha. Na hila yenu yote imekwisha, unanielewa? Nimeshaona. Kila mtu ameshaona."

"Wamekuonyesha wenyewe, daktari. Hukuinunua kwa mtu." Bihawa alivuta pumzi. "Unaniuliza kama ni janga. Mnabandika dari juu ya vichwa vya watu bila kuwaambia, mnamlaza mzazi kwenye mlio wa maji mpaka atulie. Mizani, andika: ni janga. Limeanza siku ilipowekwa dari. Nathibitisha. Na ndege zote zibaki zilipo, waliojeruhiwa wako kwenye jengo hili."

Maji ya uongo yaliacha kutiririka.

Kisha, kuanzia mwisho wa korido, makufuli yalianza kulia, ta, ta, ta, yakikaribia.

"Makolela. Kabati la pili, boksi la bluu, sindano mbili. Friji, mifuko yenye alama ya O. Kimbia, mzee wangu."

Makolela alikimbia kama mtu asiyewahi kuugua kichomi. Muuguzi wa Chumba Chekundu, ambaye mlango wake ulikuwa umemfungia ndani muda wote huo akiupiga mateke, alitoka na troli, akaingia bila kuuliza. Sindano ya paja. Mshipa wa mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa bado umevimba. Dawa ya kugandisha damu. Mfuko wa kwanza ukabanwa kwa viganja ili uingie haraka. Muuguzi alivaa glavu ndefu, akaingiza mkono, akatoa kipande cha kondo kilichokuwa kimeng'ang'ania, akakitupa kwenye beseni. Chini ya ngumi ya Bihawa kitu kilianza kujikusanya, kidogo kidogo, mpaka kikawa kigumu kama nazi.

"Achia," muuguzi alisema.

"Siwezi." Vidole vilikuwa vimekakamaa. Ilibidi muuguzi avikunjue, kimoja kimoja.

Damu haikutoka.

Walichota tone kidoleni, wakalitia kwenye kipimo cha zamani kilichokuwa kimelala kabatini. Sita na nusu. Hiyo ndiyo ilikuwa namba ya Tausi, ya haki, ambayo hakuna aliyemwomba. Mfuko wa pili wa damu ulipoisha walipima tena. Tano na kidogo. Midomo ilikuwa imepata rangi ya kitu chenye uhai.

Kiango alikuwa bado yuko ukutani. Waliisikia pumzi yake.

"Inashuka," alisema hatimaye, na haikujulikana anamwambia nani. Kisha: "Kesho tunaleta mafundi. Shanga zinakwenda shingoni. Sina namna, Bihawa. Nimeshaandikiwa."

"Waleteni. Ila uje na wewe, daktari. Watu wako nje, na sasa wanajua kuhesabu mpaka ishirini."

Kiango alikata mawasiliano.

Bi Siwema aliingia taratibu, akajipenyeza kati ya troli na ukuta, akamshika Tausi unyayo kuhisi kama una joto. Nje wimbo ulikuwa umekoma, lakini hakuna aliyekuwa ameondoka. Wanaume wenye suruali za kushikilia kwa mkono mmoja walikuwa wamekaa chini mbele ya lango lililo wazi, Fakihi mbele yao, kama watu waliokuja kukaa.

Bihawa aliuona mkono wa mama yule. Kanga ilikuwa bado imekazwa juu ya kiwiko, na vidole vilikuwa vimeshakuwa zambarau.

"Fungua, somo. Utaupoteza mkono."

"Yake imefika ngapi?"

"Tano."

Bi Siwema alitazama kipimo, kisha uso wa Tausi, kisha kipimo tena. Akakaa pembeni ya godoro, mkono wake uliofungwa ameupakata kama mtoto.

"Pima tena," alisema. "Nitafungua ikifika nne."